Rangi Izungukayo Picha Katika Kompyuta

Uitazamapo picha katika kompyuta, macho hayaitazami picha peke yake. Huutazama pia uwanja unaoizunguka, yaani ile sehemu tupu ya programu iliyo nje ya ukingo wa picha. Watu wengi huudharau uwanja huo, kwa kuwa hauhifadhiwi pamoja na picha wala hauchapwi. Lakini jicho hupima weupe na weusi wa picha kwa kuulinganisha na jirani yake, na mkono hurekebisha kile ambacho jicho limeona.

Jambo hili lilijulikana zamani kabla ya kompyuta. Mwaka 1824 mtaalamu wa kemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliwekwa kuwa mkuu wa kazi ya kutia rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, mahali palipofumwa mazulia ya kutundikwa ukutani. Akaletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikukolea, hasa zilipotumiwa kutia vivuli katika nguo za buluu na zambarau. Chevreul alizilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine, akaona hazina kasoro. Kilichoziharibu ni ujirani wa zile rangi nyingine. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa juu ya sheria hiyo. (Bwana huyu aliishi miaka 102, basi alikuwa na muda wa kutosha wa kutazama rangi.)

Msomaji asiyesadiki na ajaribu mwenyewe. Kata vipande viwili vidogo kutoka karatasi moja ya kijivu. Kimoja kiweke juu ya kitambaa cheusi, na cha pili juu ya karatasi nyeupe. Kile cha juu ya kitambaa kitaonekana cheupe kuliko mwenzake, na hata ukijua kwamba ni karatasi ile ile, macho hayatakutii. Mwaka 1995 Edward Adelson wa Marekani alichora ubao wa dama wenye kivuli, na ndani yake miraba miwili ya kijivu kimoja. Mtazamaji huapa kwamba mmoja ni mweusi na mwingine mweupe.

Sasa tuje kwenye kazi yetu. Picha za wanafunzi wanaomaliza Kidato cha Nne hutengenezwa kwa kompyuta, kisha huchapwa juu ya karatasi nyeupe, na wazazi huziweka miaka mingi. Photoshop tangu toleo la CS6 la mwaka 2012, na GIMP tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018, zilianza kumfungulia mtu madirisha ya rangi ya giza. Giza hilo hupendeza, lakini hufanya uso uonekane na nuru kuliko ilivyo. Mtengenezaji huridhika, akaacha picha jinsi ilivyo. Ikifika juu ya karatasi nyeupe, ile nuru haipo tena: mtu wa maji ya kunde amekuwa mweusi tii, na mweusi hana macho wala pua, ila meno tu. Sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaopata hasara kubwa, kwa sababu umbo la nyuso zetu limo katika tofauti ndogo ndogo za vivuli, nazo ndizo zinazopotea kwanza.

Dawa yake haina gharama. Katika GIMP fungua menyu ya View, nenda Padding Color, kisha chagua rangi yako mwenyewe. Mahali pa kuandikia namba ya rangi andika 777777, maana yake nyekundu 119, kijani 119 na buluu 119. Hicho ni kijivu cha katikati kwa jicho la mwanadamu. Mtu angedhani kwamba katikati ni 128, nusu ya 256, lakini namba hizo hazipandi sawa na mwanga. 128 ni nyeupe kidogo kupita katikati. Njia hii hubadilisha dirisha la picha moja tu. Ukitaka picha zote zifuate, ingia katika Preferences, sehemu ya madirisha ya picha. Huko utaona kwamba dirisha linalojaza kioo chote lina rangi yake ya pekee, nayo ibadilishwe pia. Katika Photoshop, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya ukiwa nje ya picha, na orodha ya rangi itatokea. Usichanganye na ile rangi ya nyuma iliyo katika sanduku la zana. Hiyo ni ya kupakia ndani ya picha.

Wako wanaopenda uwanja wa buluu au kijani. Mimi siwaungi mkono. Uwanja wa buluu huifanya ngozi ionekane ya manjano kuliko kawaida. Mtu akiipunguza manjano hiyo, uso ukichapwa hutoka umefubaa kama wa mgonjwa wa homa.

Ukimaliza kurekebisha juu ya kijivu, geuza uwanja uwe mweupe kwa dakika chache, kwa kuwa weupe ndio utakaoizunguka picha katika gazeti. Picha itaonekana nyeusi kidogo. Ikiwa uso bado unasomeka, ipeleke. Ikiwa hausomeki, uongeze nuru. Kwa picha za kuonyeshwa gizani mambo ni kinyume. Bartleson na Breneman walieleza mwaka 1967 kwamba giza lizungukalo hupunguza tofauti ya weupe na weusi tunayoiona, ndiyo maana filamu za sinema hutengenezwa zikiwa na tofauti kali zaidi.

Lawama zote zisiupate uwanja. Karatasi isiyong'aa hunywa wino na kutia giza, na kioo kilichoongezwa mwanga kupita kiasi hudanganya vile vile. Kwa hiyo punguza mwanga wa kioo mpaka ukurasa mtupu ulingane na karatasi nyeupe iliyoshikwa kando yake, na pazia la dirisha lililo nyuma yako lifungwe kabla hujaanza.