Noti za Zamani za Kigeni: Haki ya Msafiri Inaishia Wapi

Noti inapoondolewa kwenye mzunguko hupitia siku mbili ambazo sheria huzitenganisha. Siku ya kwanza ni ile inayokoma kuwa fedha halali, na kuanzia hapo mwenye duka hana wajibu wa kuipokea. Siku ya pili ni ile ambayo Benki Kuu iliyoitoa inaacha kuibadilisha kwa noti mpya. Baina ya siku hizo hupita miezi michache katika baadhi ya nchi, na kwingine siku ya pili haifiki kabisa. Anayekuta bahasha ya fedha za safari ya zamani chini ya sanduku asikate tamaa kwa sababu duka la kubadilishia fedha limemkatalia, kwa kuwa mdaiwa wa noti ni benki iliyoitoa.

Uingereza ni mfano mwema. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 zilikoma kutumika madukani 30 Septemba 2022, ya pauni 10 ilitangulia 1 Machi 2018, na ya pauni 5 tarehe 5 Mei 2017. Hata hivyo Bank of England huzibadilisha bila ukomo wa muda na kwa thamani yake kamili, ama dirishani London ama kwa posta, mtumaji akibeba mwenyewe hatari ya bahasha kupotea njiani. Noti za euro za toleo la kwanza, lililoanza 2002, nazo hazipotezi thamani. Noti ya euro 500 haitolewi tena tangu 2019, lakini bado ni fedha halali. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: mark za kabla ya euro zilizolala kabatini tangu enzi za masomo Hamburg hubadilishwa na Benki Kuu yake, Bundesbank, hadi leo bila ada, euro 1 kwa mark 1.95583. Faranga ya Ufaransa haikupata bahati hiyo, kwani mlango wake ulifungwa 17 Februari 2012.

India ilichukua njia kali. Tarehe 8 Novemba 2016 usiku Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 za wakati huo zinakufa usiku uleule, na wananchi wakapewa hadi 30 Desemba kuzipeleka benki. Sheria ya 2017 ikafanya kumiliki zaidi ya noti 10 za aina hizo kuwa kosa la kutozwa faini. Familia nyingi za Afrika Mashariki hupeleka wagonjwa India, na aliyerudi na noti hizo bila kuzibadilisha hana pa kubisha hodi. Noti ya rupia 2,000 ni habari tofauti: ilianza kuondolewa Mei 2023 bila kufutwa uhalali wake, ingawa benki za kawaida zimeacha kuipokea na sasa hupelekwa kwenye ofisi za Reserve Bank of India. Kwa wenye ndugu Muscat, tarehe ya kukumbuka ni 31 Desemba 2024, siku ambayo noti za Oman za matoleo kadhaa ya zamani, kuanzia la 1995, zilikoma kuwa fedha halali.

Afrika Mashariki yenyewe imetoa mafunzo mawili. Kenya ilitangaza 1 Juni 2019 kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakoma baada ya 30 Septemba mwaka huo, huku zile za 50, 100, 200 na 500 zikiachwa. Benki Kuu ya Tanzania ikasitisha ubadilishanaji wa shilingi ya Kenya, na mfanyabiashara wa Namanga au Holili mwenye mabunda ya elfu-elfu ikambidi avuke mpaka ajieleze katika benki za Kenya. Noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi. Tanzania nayo iliweka muda wa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 wa kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na ile ya shilingi 500 ya 2010. Miezi mitatu inamtosha mkazi wa Dodoma. Kwa Mtanzania aliyeko Toronto, anayerudi nyumbani mara moja kwa miaka kadhaa, muda huo ni finyu mno, na ingekuwa haki balozi zingepewa kazi ya kupokea noti hizo.

Dola ya Marekani ndiyo inayozua ugomvi mwingi zaidi, kwa sababu haijafutwa popote na bado hukataliwa kila siku. Kwa sheria ya Marekani, noti zote za serikali zilizotolewa tangu 1861 zinatambulika kwa thamani kamili. Dola 100 yenye picha ndogo ya Benjamin Franklin, ya kabla ya mabadiliko ya 1996, ni sawa na ile yenye utepe wa buluu. Lakini sheria hiyo haimfungi mwenye duka la fedha Arusha, Goma au Kampala. Kwake dola ni bidhaa anayoinunua, na ununuzi ni wa hiari. Anaogopa noti bandia, na anaogopa zaidi noti itakayomkwamia mkononi kwa kukosa mnunuzi. Huko Kongo, ambako dola hutumika hadi sokoni, mchaniko mdogo ukingoni unatosha kuifanya noti irudishwe. Mwaka ulioandikwa kwenye noti nao huwapotosha wengi: ni mwaka wa toleo, si wa kuchapwa. Dola 100 yenye utepe wa buluu iliyoingia kwenye mzunguko Oktoba 2013 ina toleo lililoandikwa 2009. Anayekataliwa kwa sababu ya “mwaka wa zamani” ana hoja ya kumwomba mhudumu aigeuze noti taratibu kwenye mwanga: tarakimu 100 ya pembeni hubadilika kutoka rangi ya shaba kuwa kijani.

Hiari ya kununua haimpi mwenye duka ruhusa ya kufanya apendavyo. Mteja ana haki ya kuambiwa kiwango kabla hajatoa fedha, na kama noti ndogo au za zamani zinanunuliwa kwa bei ya chini, tofauti hiyo itajwe mapema ili aweze kuondoka na noti zake. Baada ya kubadilisha apewe risiti yenye jina la duka, kiasi na kiwango kilichotumika. Risiti hiyo ndiyo msingi wa malalamiko kwa Benki Kuu iliyotoa leseni. Anayebadilisha kwa mtu wa mtaani hana risiti wala kesi, na nchini Tanzania biashara hiyo bila leseni ni kosa. Tena kanuni za Tanzania za Machi 2025 zimekataza kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa. Hivyo hoteli inayong’ang’ania dola mpya tu haina msingi wa kisheria, na mgeni anaruhusiwa kulipa kwa shilingi.

Noti ya dola iliyochanika au kuungua hukombolewa na serikali ya Marekani ikiwa zaidi ya nusu yake inaonekana pamoja na alama zake za usalama. Noti ikishukiwa kuwa bandia na kuzuiwa, mwenye nayo asiondoke bila maandishi yenye namba ya noti na jina la aliyeizuia.

Sarafu hazipokelewi na maduka mengi ya fedha, hata zikiwa mpya, kwa hiyo zitumike kabla ya kuondoka nchi husika. Sarafu ya duara ya pauni 1, iliyokoma 15 Oktoba 2017, hupokelewa na benki za Uingereza kwa mwenye akaunti. Sarafu za mark huenda Bundesbank pamoja na noti zake.