Mkiambiwa Mtoto ni Mkubwa Tumboni

Somo la kusoma pamoja: Mwanzo 35:16-20



Kabla ya kuendelea na ukurasa huu, chukueni Biblia yenu, mkae pamoja jioni watoto wakishalala, msome aya hizo tano. Raheli, mke mpenzi wa Yakobo, alishikwa na uchungu wakiwa safarini kuelekea Efrata. Uchungu ukawa mzito. Mkunga alikuwapo, akamtia moyo asiogope. Mtoto alizaliwa hai, naye ndiye Benyamini, lakini mama yake hakumaliza safari. Yakobo alimzika kando ya njia.

Huku kwetu, kuanzia Saboti na Endebess hadi Kapsokwony na Cheptais, hadithi hiyo si ya kale tu. Mvua ndefu zikianza, barabara za mlimani huwa utelezi mtupu, na pikipiki yenye mama mwenye uchungu inaweza kukwama usiku wa manane mbali na hospitali. Ndiyo maana leo tunazungumzia jambo linalowasumbua wengi: mnapoambiwa kliniki kwamba mtoto aliye tumboni ni mkubwa, mfanyeje?

Tuchukue mfano

Mume na mke wa upande wa Saboti wanangojea mtoto wao wa tatu. Wawili wa kwanza walizaliwa salama kwa njia ya kawaida. Mimba ikiwa na wiki 37, muuguzi anapima tumbo kwa utepe na kuona kipimo kimezidi. Anamtuma mama Kitale akapigwe picha. Jibu linakuja: mtoto anakadiriwa kuwa na kilo 4.2. Anaambiwa wakafikirie kama atapasuliwa au atasubiri uchungu.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema, "Mimi nilizaa wanane, wote wakubwa, na kisu sikukijua." Jirani anamshauri apunguze kula. Mume amekaa kimya. Anawaza karo, mbolea na pesa za hospitali. Mke anaona kimya hicho kama hasira, naye analala akilia.

Katika nyumba hiyo hakuna mtu mbaya. Kinachokosekana ni maarifa na mazungumzo. Tuanze na maarifa.

1. Picha si mizani

Kwa kawaida mtoto huitwa mkubwa akizaliwa na kilo 4 au zaidi, na wataalamu wengine huanzia kilo 4.5. Lakini uzito wa mtoto aliye tumboni hukadiriwa tu, haupimwi. Mashine hupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha hupiga hesabu. Kosa la asilimia 10 hadi 15, juu au chini, ni la kawaida. Yule aliyekadiriwa kilo 4.2 anaweza kuzaliwa na kilo 3.7, na anaweza pia kuwa na kilo 4.7. Utepe nao hukosea zaidi, kwa sababu maji yakiwa mengi, au wakiwa mapacha, au tarehe zikihesabiwa vibaya, tumbo huonekana kubwa.

Basi msichukue jibu la picha kama hukumu. Vilevile msilidharau. Ni onyo la kuwafanya mjiandae.

Ulizeni pia sababu. Wengine huzaa watoto wakubwa kwa sababu wao wenyewe ni watu wakubwa, au kwa sababu mimba imepita siku zake. Lakini sababu moja haifai kupitwa: kisukari cha mimba. Mama anaweza kuwa nacho bila kujisikia mgonjwa. Hupimwa kwa damu baada ya kunywa maji ya glukosi, mara nyingi kati ya wiki 24 na 28. Kama hakupimwa, apimwe sasa. Mtoto wa mama mwenye kisukari hunenepa zaidi mabegani, na akizaliwa sukari yake inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo huhitaji kuangaliwa.

Kujinyima chakula si dawa. Mama mwenye kisukari atafuata chakula alichoelekezwa na wauguzi. Asiye nacho ale kama kawaida, maana uchungu unahitaji nguvu.

2. Hatari yenyewe ni ipi?

Hofu kubwa ni mabega kukwama: kichwa kimetoka, lakini bega limezuiwa na mfupa wa nyonga. Hapo dakika ni chache. Mkunga aliyefunzwa hasukumi tumbo kwa juu wala havuti kichwa kwa nguvu. Huikunja miguu ya mama kuelekea tumboni, hubonyeza juu ya kinena, au humgeuza mama apige magoti na mikono. Mara nyingi bega huachia. Lisipoachia mapema, mshipa wa neva wa mkono wa mtoto unaweza kuumia, au mtoto akakosa hewa.

Lakini sikilizeni jambo hili: karibu nusu ya watoto wanaokwama mabega wana uzito wa chini ya kilo 4. Na wengi wa watoto wakubwa hutoka bila shida yoyote. Kwa hiyo usalama hautokani na kilo peke yake. Unatokana na kuwa mahali penye mikono inayojua la kufanya.

Hatari ya pili ni uchungu usioendelea. Mtoto asiposhuka, mama akaachwa siku nzima na zaidi, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, mtoto anaweza kufa, au mama akabaki na fistula na kuvuja mkojo. Hapa pia tuwaonye kuhusu dawa za miti za kuharakisha uchungu. Zinaweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi, na hakuna anayejua kipimo chake.

3. Njia tatu zilizo mbele yenu

Ya kwanza ni kungoja uchungu wa kawaida, hospitalini. Kwa mama asiye na kisukari, na hasa aliyekwisha kuzaa salama, hii mara nyingi ni njia nzuri. Atembee, akae, abadili namna ya kulala. Asilazwe chali muda wote. Wauguzi wajaze chati ya uchungu, ili ionekane mapema kama njia haifunguki.

Ya pili ni kuanzishiwa uchungu kabla mtoto hajakua zaidi. Utafiti uliofanywa Uswisi, Ufaransa na Ubelgiji, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba mabega hukwama mara chache zaidi kwa njia hii. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2025 na kuhusisha akina mama karibu 2,900, haukupata tofauti kubwa kwa jumla. Maana yake ni kwamba njia hii inaweza kusaidia, lakini si ya lazima kwa kila mama. Ifanyike hospitalini tu, penye uangalizi, baada ya kuhakikisha tarehe za mimba. Mama mwenye kovu la upasuaji ahitaji uangalifu zaidi, kwa maana dawa nyingine za kuanzisha uchungu ni hatari kwake.

Ya tatu ni upasuaji uliopangwa. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani hushauri ufikiriwe mtoto akikadiriwa kilo 5 au zaidi, au kilo 4.5 au zaidi ikiwa mama ana kisukari. Kwa nini si chini ya hapo? Mwaka 1996 watafiti wa huko walipiga hesabu kwa akina mama wasio na kisukari ambao watoto wao walikadiriwa kilo 4.5. Wakaona ingebidi kuwapasua zaidi ya 3,600 ili kumwokoa mtoto mmoja na ulemavu wa kudumu wa mkono. Upasuaji nao una gharama yake: damu nyingi, maambukizi, kupona polepole, na kovu litakalofikiriwa katika kila mimba inayofuata.

Kwa hiyo mwulizeni daktari maswali manne bila woga. Sukari yangu ikoje? Mtoto amelalaje? Kwa hali yangu mimi, unashauri njia gani na kwa sababu gani? Na tukingoja, ni dalili gani itatufanya tubadili mpango?

4. Kisu si aibu

Bado wapo wanaosema kwamba mwanamke aliyepasuliwa "hakuzaa". Maneno haya yanaumiza, na yamewafanya wengine wakimbie hospitali hadi kuchelewa. Tuyaache.

Wala tusiseme kwamba upasuaji ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1879, huko Kahura katika nchi ya Bunyoro, Uganda, daktari Mwingereza Robert Felkin alimwona mganga Mwafrika akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alipewa pombe ya ndizi, na pombe hiyo hiyo ikatumika kuosha mikono na tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, jeraha likafungwa kwa sindano za chuma na kupakwa dawa ya mizizi. Mama na mtoto walipona. Felkin aliandika habari hiyo kule Edinburgh mwaka 1884. Babu zetu walikuwa na ujuzi huo, nao hawakuuona kuwa aibu.

Kanisa nalo lina Mtakatifu Raimundo Nonnatus wa karne ya 13, ambaye jina lake lina maana ya "asiyezaliwa", kwa kuwa kwa mapokeo alitolewa tumboni mwa mama yake aliyekwisha kufa. Ndiye msimamizi wa akina mama wajawazito na wakunga; sikukuu yake ni Agosti 31. Hata kuhusu maumivu, Papa Pius XII alieleza tarehe 8 Januari 1956 kwamba kutafuta njia halali za kuyapunguza wakati wa kujifungua si dhambi. Mungu hapimi upendo wa mama kwa saa alizoteseka.

5. Kovu na watoto watakaofuata

Jambo hili liamuliwe kabla ya siku ya uchungu. Aliyepasuliwa mara moja si lazima apasuliwe daima. Wengi wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida baadaye hufaulu, ila wajaribu penye chumba cha upasuaji, kwa kuwa kovu huweza kufunguka, takriban mara moja katika kila 200. Makovu yakizidi, kondo la nyuma linaweza kushikamana na kovu na kuleta damu nyingi.

Kwa sababu hiyo mama apewe muda wa kupona. Shirika la Afya Duniani hushauri miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Mafundisho ya Humanae Vitae ya mwaka 1968 yanakubali kupanga nafasi kwa sababu nzito, kwa kufuata siku za mwanamke. Jifunzeni njia hizo mapema. Baba naye ajifunze, maana bila kujizuia kwake haziwezekani.

Wengine huulizwa wakiwa mezani kama wafungwe mirija "kwa kuwa tumeshafungua tumbo". Kanisa, katika jibu lake la Julai 31, 1993, lilitofautisha mambo mawili. Kuondoa mfuko wa uzazi ulio hatari yenyewe kwa uhai wa mama sasa hivi ni tiba halali. Kufunga mirija ili kuzuia hatari ya mimba ijayo si halali. Semeni uamuzi wenu kwa upole mkiwa kliniki, uandikwe, msije mkaulizwa wakati mama hana nguvu za kufikiri.

6. Wajibu wa baba

Baba, Yakobo hakuwa na hospitali. Wewe unayo. Usingoje uchungu uanze ndipo uulize njia.

- Chagueni hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, si zahanati ya karibu tu. Kitale, Bungoma na Webuye zipo hospitali za serikali za rufaa na za kaunti. Ulizeni kama upasuaji hufanyika hata usiku.
- Mkikaa mbali mlimani, mama ashuke siku zake zikikaribia, akae kwa ndugu karibu na hospitali.
- Hakikisheni mmejiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na michango imelipwa. Wekeni kando pesa za gari.
- Tafuteni ndugu wawili walio tayari kutoa damu.
- Kumbuka kwamba mke wako akiwa mtu mzima mwenye akili timamu, sahihi ya upasuaji ni yake. Asife akingoja simu yako. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.
- Mama mkwe asipuuzwe. Mweleze mwenyewe kwa heshima, wewe mwanawe, ili mkeo asiachiwe vita hivyo peke yake.

Turudi kwa wenzetu wa Saboti. Mume alivunja kimya, akaenda kliniki pamoja na mkewe. Sukari ilikuwa sawa, kichwa kilikuwa chini. Waliamua kungoja uchungu, lakini Kitale, kwa dada wa mume, si nyumbani. Kama mtoto atatoka kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, siku yenyewe itaamua. Hawatakuwa njiani.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nini kinachotutia hofu zaidi: maumivu, kisu, pesa, au maneno ya watu? Kila mmoja ajibu bila kukatizwa.
2. Uchungu ukianza saa nane za usiku na mvua inanyesha, tutafanya nini hatua kwa hatua?
3. Jumuiya yetu ndogo ndogo inawezaje kusaidia mama mwenye mimba kabla ya siku yake?

Tusali

Ee Mungu Baba, mwenye kutoa uhai, umlinde mama huyu na mtoto aliyemo tumboni mwake. Utupe akili ya kuuliza, unyenyekevu wa kusikiliza, na upendo usiohesabu gharama. Wauguzi na madaktari uiongoze mikono yao. Maria, uliyejifungua ukiwa mbali na nyumbani, utuombee. Amina.

Mwombeni pia padre wenu amwekee mama baraka ya wajawazito Jumapili moja kabla ya siku zake kutimia.