Mtoto hapatikani? Baba naye apimwe

Mwaka 1 ukipita mkikutana kimwili bila kinga na bila mimba, nendeni hospitali wote wawili. Kijijini Ololosokwan, kama kwingine, lawama humwangukia mama, ilhali karibu nusu ya visa vinamgusa mwanaume pia.

1. Usijipime kwa nguvu za kitandani: unaweza kuwa shababi na mbegu za kiume zisiwepo.
2. Mweleze daktari yote: kisonono, matumbwitumbwi ya ukubwani, operesheni ya ngiri, korodani iliyowahi kuvimba.
3. Chemsha maziwa. Bruselosi, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, huambukiza kwa maziwa mabichi na huweza kuvimbisha korodani za mfugaji. Homa isiyoisha usiifiche.
4. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu kabla ya kipimo cha mbegu.
5. Usibebe sampuli kwenye pikipiki hadi hospitali ya Wasso. Itolewe hospitalini, kwani inapaswa kufika maabara ndani ya saa 1.
6. Uliza mapema kama kipimo kipo. Kisipokuwepo, ulizia Arusha au hospitali ya KCMC, Moshi.
7. Jibu la kwanza likiwa baya, rudia kipimo baada ya miezi 3, mbegu mpya zikomae.
8. Epuka sindano za testosteroni: huzima utengenezaji wa mbegu.
9. Usioe mke mwingine kwa kutafuta mtoto kabla hujapimwa.