Vifuu, Risasi na Maji ya Kisima: Maswali na Majibu

Bomba likikauka, wakazi wengi wa Mji wa Kale, Mombasa, hurudi visimani. Nao mkasa wa Owino Uhuru, kule bara upande wa Changamwe, uliifunza Mombasa kuogopa madini ya risasi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa mwaka 2014, kiliacha sumu udongoni na katika damu za watu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Haya ndiyo maswali ya kawaida kuhusu bayocha, makaa ya taka yanayosifiwa kwa kunasa metali nzito.

Maji yetu ya kisima ni maangavu na hayanuki. Kuna haja ya kuhofu?
Uangavu si ushahidi. Risasi na kadimiamu haziyapi maji rangi wala harufu. Klorini haiziondoi, na kuchemsha pia hakusaidii: maji hupungua sufuriani, risasi ikabaki palepale. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 za risasi kwa lita, kiasi kinachopimika vyema maabara. Peleka sampuli kwa Mkemia wa Serikali.

Bayocha ina tofauti gani na makaa ya jikoni?
Zote huchomwa hewa ikiwa haba, ila makaa ya jikoni hutakiwa kwa moto wake, bayocha kwa vitundu vyake. Huchomwa kwenye chombo kilichofunikwa, kwa joto la nyuzi 350 hadi 700 hivi. Kifuu kilichoiva sawasawa huwa cheusi tititi na huvunjika kwa mlio mkavu kama kigae. Kuta za vitundu vyake zina chaji hasi, nazo huvuta risasi yenye chaji chanya. Fosfeti na kaboneti zilizomo huigeuza risasi kuwa chembe zisizoyeyuka kwa urahisi.

Taka zipi za Mombasa zinafaa?
Vifuu, makumbi ya nazi na maganda ya madafu. Mifupa ya buchani nayo ina fosfeti nyingi, hivyo hushika risasi vyema. Huko Nakuru makaa ya mifupa yametumika kuondoa floraidi majini. Usichanganye plastiki wala mbao zilizopakwa rangi, kwani rangi za zamani zenyewe huweza kuwa na risasi.

Maji yetu yana chumvi. Itafanya kazi?
Hapo pana kazi. Kalsiamu, magnesiamu na sodiamu zimejaa kwenye maji ya chumvi, nazo hugombea nafasi zilezile na risasi. Chujio lililofaulu kwa maji yasiyo na chumvi laweza kushindwa Kibokoni, Mji wa Kale, kwa hiyo lijaribiwe kwa maji ya kisima chenyewe. Bayocha pia haiondoi chumvi, wala haitoshi kuua vijidudu vinavyopenya kutoka vyoo vya shimo.

Naweza kujitengenezea chujio la ndoo?
Si kwa maji ya kunywa, bila vipimo. Makaa yakijaa hayatoi ishara: maji huendelea kutoka maangavu huku risasi ikipita. Maji yakiwa na uchachu, hata metali iliyonaswa huweza kuachiliwa. Mahali pa bayocha hasa ni kwenye maji taka ya karakana za betri na za kupaka metali, kabla hayajafika baharini. Huko msimamizi hupima maji yanayoingia na yanayotoka, akabadilisha makaa mapema.

Makaa yaliyotumika tuyafanyeje?
Hayo sasa ni taka ya sumu. Usiyatie jikoni wala shambani, ingawa bayocha safi huufaa udongo. Yafungwe kwenye chombo kisichovuja, yakabidhiwe mzoaji wa taka hatari mwenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Anayekuuzia chujio la bayocha muulize kwanza makaa yaliyojaa huyapeleka wapi. Akikosa jibu, usinunue.