Simiti na Mikono ya Mwashi

Simiti ikiisha kutiwa maji huwa kali kuliko magadi, nayo huichoma ngozi ya mwashi aishikaye kwa mikono mitupu. Tena mna kromiamu ndani yake, na mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa huota upele na nyufa kila aigusapo, hata ikiwa kidogo.

Wako wasemao kwamba upele hauui, basi si neno. Lakini mwenye kuwashwa usiku halali, na mwenye nyufa viganjani hawezi kukamata mwiko wala kumwosha mtoto; wenziwe nao hukataa kumpa mkono wakidhani atawaambukiza, nao ugonjwa huu hauambukizi kamwe. Mwaka 1994 madaktari Finlay na Khan wa Cardiff walitunga maswali 10 ya kupimia taabu za namna hii: mwasho, haya, mavazi, kazi, marafiki.

Denmark iliweka sheria mwaka 1983 ya kupunguza kromiamu katika simiti, na wagonjwa wakapungua miongoni mwa wajenzi. Mwashi naye avae glavu za mpira, maana za ngozi hunywa maji ya simiti, na anawe kwa maji safi, si katika ndoo iliyosuuziwa mwiko.