Shangazi Anajibu: Mkwe Ananiita Mzembe

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kizwite hapa Sumbawanga. Mwezi wa sita mwanangu wa miaka miwili aliungua maji ya moto. Ilikuwa alfajiri, umeme umekatika, napeleka ndoo ya maji bafuni kwa sababu baba watoto hapendi kuoga maji yaliyopoa. Mtoto akatoka kitandani akanifuata kwa nyuma, akanivuta khanga, nikapepesuka, maji yakammwagikia mkono na paja. Tulimpaka dawa ya meno, kulipokucha baba watoto akatupa nauli tukaenda hospitali. Sasa kidonda kimekauka ila mkono haunyooki vizuri. Shida yangu ni mama mkwe. Anasema mbele za watu kwamba mimi mzembe, sijui kulea. Anataka tumlete binti wa shemeji kutoka Laela, ana miaka kumi na miwili, awe anamshika mtoto. Baba watoto amenyamaza tu. Nifanyeje mkwe anisamehe?
Mama Wawili, Kizwite

Mwanangu, poleni sana, wewe na mtoto.

Barua yako ilikuwa ndefu, na sehemu kubwa ilikuwa ya mkwe: alichosema kwa wifi, alichosema sokoni, alivyokununia kwenye msiba. Nimeifyeka. Jibu la mkwe ni fupi. Nenda kamsalimie, mwambie imekuuma kama ilivyomuuma yeye, kisha usiombe tena msamaha. Bibi anayempenda mjukuu wake atapoa.

Kilichonishika ni maneno uliyoyaandika kwa kupita tu: baba watoto hapendi kuoga maji yaliyopoa. Nimeisoma barua yote nikitafuta mahali ambapo mtu mmoja wa ukoo huo ameuliza maji yaliyochemka yalikuwa yanatafuta nini koridoni gizani. Sikupapata. Mkwe ameuliza macho yako yalikuwa wapi. Wewe umejiuliza unakosea wapi katika kulea. Baba watoto hajauliza chochote. Wote mmemkazia macho aliyebeba ndoo, na aliyeingojea ndoo hakuna aliyemgusa.

Mtoto wa miaka miwili akiamka gizani asimwone mama, humfuata. Kukuvuta khanga ndiyo kazi yake, na umri wake haumruhusu kujua kingine. Kwa hiyo uzembe unaotafutwa kwako sijauona. Nimeona mama aliyeharakishwa na mtu mzima aliyekuwa bado amejifunika blanketi.

Najua baridi ya huku. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Juni na Julai haumwonei mtu huruma. Ufipa nzima inachemsha maji ya kuoga, na hakuna wa kumlaumu mtu kwa hilo. Lakini tufanye hesabu ndogo. Kwa mwinuko huu maji huchemka yakifika kama nyuzi 94. Maji ya nyuzi 60 tu huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde tano hivi, na ya mtoto ni nyembamba zaidi. Maji mazuri ya kuoga ni nyuzi 37 au 38. Ndoo ya lita 20 ukiitia lita 14 za maji ya baridi ya nyuzi 15, lita sita tu za maji yaliyochemka zinatosha kuyafikisha hapo. Sasa niambie, ndoo nzima inayotoa moshi ilipita humo ndani kwa sababu gani? Ilipita kwa sababu bwana mkubwa anataka kuyachanganya mwenyewe bafuni, au kwa sababu unaogopa yakifika ya vuguvugu atasema neno.

Hapo ndipo penye kidonda. Unamwogopa mumeo kwa jambo la ndoo ya maji.

Sisemi mke asimtengee mumewe maji. Ni jambo zuri, ni la heshima, na wengi wetu tumeona mama zetu wakilifanya. Lakini heshima ni ile inayotolewa kwa hiari, saa ya utulivu, mikono ikiwa mitupu ya kazi nyingine. Alfajiri, umeme umekatika, watoto wawili wamelala bila mtu wa kuwaangalia, jiko linawaka, uji haujawekwa: saa hiyo kumtengea mtu mzima maji ni amri. Na amri ya namna hiyo ikitekelezwa kila siku, siku moja lazima mtu ataungua.

Baba watoto, najua utasomewa safu hii, kwa hiyo nakusemesha mwenyewe. Mwanamume wa Ufipa anabeba gunia la mahindi mgongoni na kulipandisha kwenye lori. Ndoo ya maji itamshindaje? Amka, vaa koti, nenda jikoni, changanya maji yako upendavyo, uyabebe. Au kama mkeo ndiye anayeshughulika na jiko, wewe baki na watoto chumbani mpaka amalize. Mojawapo. Kulala ukisubiri kuitwa hakumo. Na lililonikera kuliko yote ni ukimya wako. Mama yako anamwita mkeo mzembe mbele za watu, nawe unajua ndoo ile ilikuwa ya nani. Nenda kwa mama yako leo umwambie: "Mama, maji yale yalikuwa yangu." Ni maneno matano tu, na yatamaliza ugomvi ambao mkeo hawezi kuumaliza peke yake hata akipiga magoti mwaka mzima.

Kuhusu binti wa Laela, hapana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kufanya kazi, na huyo ana kumi na miwili. Mwacheni shuleni. Halafu fikiri: mkimleta, alfajiri ya pili atakayetumwa kubeba ndoo ni nani? Mtakuwa mmebadilisha tu wa kuungua na wa kulaumiwa.

Sasa ya nyumbani kwako, Mama Wawili. Maji yaliyochemka yasitoke jikoni. Beba maji ya baridi uyapeleke kwenye jiko, yatangulie ndani ya ndoo au beseni, ya moto yafuate, uyapime kwa kiwiko ndipo uyapeleke bafuni. Fanya hivyo hata kwa beseni la mtoto, maana wengi huanza na ya moto, wakageuka kuchukua kata ya baridi, na mtoto akawa ameshaingia. Jiko la mkaa na sufuria ya maharage visikae sakafuni njiani. Usiiname kwenye jiko ukiwa umembeba mtoto mgongoni, wala usinywe chai umempakata. Chupa ya chai isikae juu ya kitambaa cha meza kinachoning'inia, kwa sababu mtoto hukivuta. Wenye hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, ndoo iwe nyuma ya mlango uliofungwa.

Na dawa ya meno ibaki kwenye mswaki. Haipozi, inaziba joto ndani, na inampa kazi muuguzi ya kuikwangua juu ya ngozi iliyoumia. Asali, mafuta, yai na udongo ni vilevile. Mtoto akiungua, mvue nguo haraka isipokuwa iliyogandia, kisha mmiminie maji safi ya baridi ya kawaida mahali palipoungua kwa dakika 20. Huku kwetu kwenye baridi ongeza hili: sehemu nyingine yote ya mwili ifunike kwa blanketi, maana mtoto mdogo anaweza kupoozwa kidonda akaishia kutetemeka. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usingoje kukuche. Kwa mtoto mdogo, kidonda kinachozidi ukubwa wa kiganja chake, au kilicho usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, si cha kutibia nyumbani hata siku moja.

Nimeliacha la mwisho lile uliloandika kwa maneno machache kuliko yote: mkono haunyooki. Kidonda kukauka si kupona. Kovu likiwa kwenye kiungo huendelea kukaza kwa miezi mingi, na likiachwa mkono hujikunja, tena mtoto akikua ndipo inakuwa mbaya zaidi. Likiwahiwa, mazoezi ya kuunyoosha na kuufunga kwa kibao usiku huweza kusaidia. Likichelewa, huenda ukahitajika upasuaji. Wewe umeniuliza habari za mkwe, mimi nakujibu habari za kiwiko.

Kesho asubuhi baba watoto ajitengee maji yake mwenyewe. Akishaoga, mwende wote wawili na mtoto Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, mkaulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Msimngoje mkwe atulie kwanza.