Shamba Likiwa Rehani: Nani Anawajibika, na Una Siku Ngapi?

Wakazi wa Ndalu wanalijua deni la ardhi. Familia nyingi ziliingia katika skimu za makazi baada ya uhuru kwa mkopo wa serikali, na hatimiliki haikutolewa mpaka mkopo ulipwe. Leo hati hiyo hiyo huwekwa rehani benki ili kupata karo, mbolea au mtaji. Mahindi yakikosa bei, malipo hukwama na hofu ya mnada huingia nyumbani.

Wengi hukimbilia kwa mwanasiasa, na siku zinapita. Tujifunze nani ana mamlaka gani.

Serikali ya Kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa usimamizi wa benki. Bunge ndilo lililoweka kikomo cha riba mwaka 2016, asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na ndilo lililokiondoa mwaka 2019. Suala la riba mpelekee mbunge wako.

Serikali ya Kaunti. Kilimo na vyama vya ushirika ni jukumu letu. Kwa hayo, tuwajibisheni. Lakini Gavana au Mwakilishi wa Wadi hawezi kusimamisha mnada, na asikuahidi hivyo.

Mahakama. Benki isipokubali mapatano, mahakama ndiyo yenye uwezo wa kuuzuia mnada. 

Hesabu ya siku

Sheria inataka hatua hizi:

1. Ukikosa kulipa kwa mwezi 1, benki inaweza kukupa notisi ya maandishi. Itaje kiasi unachodaiwa na muda wa kulipa usiopungua miezi 3.
2. Muda huo ukiisha, inakupa notisi ya kuuza. Haiwezi kuuza kabla ya siku 40.
3. Dalali naye hutoa notisi ya siku zisizopungua 45.

Kabla ya shamba kuuzwa, bado unaweza kulipa na kulikomboa. Likiuzwa, benki lazima ilifanyie tathmini kwanza na kutafuta bei bora inayopatikana.

Kumbuka pia: nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke anayeishi humo, na ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi.

La kufanya

Andika tarehe uliyopokea notisi. Nenda benki katika miezi ile 3 ya kwanza, uombe mpango mpya wa malipo, na upewe kwa maandishi. Mahakama husikiliza mapema aliyefika mapema. Anayekuja asubuhi ya mnada ana nafasi finyu.

Maswali ya kujadili barazani

1. Je, mwenzako wa ndoa anajua hati iko wapi?
2. Mgombea akiahidi kufuta madeni ya benki, je, kiti anachokitafuta kina mamlaka hayo?